Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lini Twende Voi na Taita?

Kila zinapokaribia likizo za shule, au Idd inapobakisha majuma mawili, maulizo katika baraza zetu za Mombasa huwa ni yale yale: safari hii watoto tuwapeleke wapi? Wengi hutaja Malindi na Lamu, ambako ni kwetu tena, bahari ile ile na minazi ile ile. Wachache hutaja Voi, mwendo wa kilomita 150 na ushei tu kutoka kisiwani. Nao hao wachache, wakishakubaliana juu ya mahali, hubakia na swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi kwa sababu ya safari zangu za huko: je, miezi iliyo bora ni ipi?

Swali ni jema, lakini jawabu lake si jepesi kama linavyoandikwa katika vijitabu vya mahoteli. Humo husomwa kwamba msimu bora ni wa ukavu, Juni mpaka Oktoba, kisha Januari na Februari, basi. Maneno hayo si ya uongo. Ila yameandikwa na mtu anayemtazama ndovu peke yake, asimtazame Mtaita anayelima mpakani mwa mbuga. Mimi naona kwamba mwenye kuchagua msimu wa kuzuru nchi ya watu hana budi kujiuliza maswali mawili: ni wakati gani nitaona vizuri, na wakati huo mwenyeji wangu atakuwa katika hali gani? Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akiugua.

KALENDA ZETU MBILI

Sisi watu wa mwambao tangu zamani tumekuwa na hesabu mbili za mwaka. Ya kwanza ni ya mwezi, na kwayo twajua Ramadhani, Idd, Maulidi na Hija. Ya pili ni ya jua, ile iitwayo Nairuzi, ambayo manahodha na wakulima waliigawa siku 365 kwa miongo, kila mwongo siku kumi, ili wapate kujua kaskazi itaanza lini na kusi itashika lini. Mwezi ulikuwa wa ibada, na jua lilikuwa la safari na jembe. Hakuna nahodha aliyetweka tanga kwenda Arabuni kwa sababu Mfungo Mosi umeandama; alingoja upepo wake.

Leo wengi wetu tumebakia na hesabu ya mwezi tu, nayo ndiyo tunayosafiria. Idd ni wakati mzuri, kwa kuwa jamaa wote wamekusanyika na kazi zimefungwa. Lakini Idd hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo huzunguka misimu yote. Mwaka 2000 Idd-ul-Fitr iliangukia siku za mwisho za Desemba, mvua ya vuli ikiwa imekwisha kunywesha ardhi. Mwaka 2016 ilikuwa mwanzoni mwa Julai, kipupwe kimeshika. Mwaka 2025 ilikuwa ukingoni mwa Machi, masika yakipiga hodi. Aliyekwenda Voi katika Idd ya kwanza na aliyekwenda katika ya pili hawakuona nchi moja, wala haifai wabishane nani asema kweli. Wote wawili wasema kweli.

Basi kabla hujakata tikiti, irudie ile hesabu ya pili. Jiulize Idd ya mwaka huu imeangukia upepo gani.

VOI SI MOMBASA

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mvua ya huko haifuati desturi ya mvua ya kwetu. Hapa Mombasa mvua kubwa ni ya masika, na kilele chake ni mwezi wa Mei. Vuli kwetu ni kama ndugu mdogo. Nyikani Voi mambo yamegeuka. Huko mvua ya vuli, ya Novemba na Desemba, ndiyo wakulima wanayoitegemea zaidi, na masika huja kwa kusitasita. Kwa mwaka mzima Voi hupata yapata milimita 550, ambayo ni kama nusu ya mvua ya Mombasa.

Lakini ondoka Voi, pita Mwatate, uzungukezunguke kona za mlima mpaka Wundanyi, na kwa mwendo wa saa moja hivi umeingia nchi nyingine. Hapo migomba imesimama mabondeni, vijito vinapita kando ya njia, na juu yake kilele cha Vuria kimefika mita 2,208. Sababu yake ni upepo wetu wenyewe. Kusi na kaskazi hutoka baharini vikiwa vimebeba unyevu, hupita juu ya nyika bila kutoa kitu, kisha hugonga Milima ya Taita. Hapo hupanda, hupoa, na kuumwaga mzigo wao. Mahali pa juu hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Kwa hiyo mvua ya Wundanyi ni pepo za Bahari Hindi zilizopanda mlima.

Ziko, basi, nchi tatu katika wilaya moja ya zamani, ambayo sasa ni kaunti. Iko nyika ya Tsavo. Iko milima: Dawida, Sagalla na Kasigau. Na liko tambarare la Taveta, ambalo huishi kwa maji ya Mlima Kilimanjaro yanayotoka katika chemchemi na kuteremka kwa Mto Lumi mpaka Ziwa Jipe. Msimu ulio bora kwa moja si bora kwa zote.

AGOSTI: MACHO YA MGENI

Tuanze na Agosti, kwa kuwa likizo hiyo ndiyo inayowavuta wengi. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na baadaye ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Pande hizo mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwezi wa Agosti majani ya miti yamepukutika na nyasi zimelala, hata jicho huenda mbali bila kizuizi. Mabwawa madogo yamekauka. Mnyama hana budi kuyafuata maji machache yaliyosalia: Mto Galana, ambao haukauki, na ziwa dogo lililo chini ya mwamba mrefu wa Mudanda. Huko Mudanda mtu hukaa juu ya jiwe akawatazama ndovu wakishuka kwa makundi, wote wekundu kwa udongo wanaojirushia.

Na ukiutazama Galana usidhani u mbali na kwetu. Mto huo huo ndio unaoitwa Sabaki ufikapo karibu na Malindi. Watu wa Malindi wanapoona bahari imegeuka rangi ya udongo hujua kwamba bara kumenyesha. Vilevile chemchemi za Mzima, katika Tsavo Magharibi, ambako viboko huonekana katika maji yaliyo safi kama kioo, ndizo zinazoipatia Mombasa sehemu ya maji yake kwa bomba tangu miaka ya 1950. Maji hayo hunyesha kama mvua juu ya Vilima vya Chyulu, huzama katika mawe ya volkano, na kutokea Mzima. Mtoto wa Mombasa anayesimama pale anatazama mtungi wa nyumbani kwao.

Kwa macho ya mgeni, basi, nyika haina msimu kama Agosti na Septemba. Juu milimani ni kinyume. Agosti ni kipupwe, ukungu hushuka asubuhi na pengine usiondoke mpaka adhuhuri. Nimewaona watu wa kwetu wakitetemeka katika kituo cha matatu cha Wundanyi, kanzu nyepesi juu na makubadhi chini, wakilalamika kwamba wamepanda mlima wasione kitu. Lakini huo ukungu si adui. Ingia katika msitu wa Ngangao asubuhi hiyo, utasikia matone yakianguka ingawa mvua hainyeshi. Majani na kuvu la miti hukamata ukungu na kuugeuza maji, na maji hayo ni sehemu ya yale yanayonywesha kabichi, sukuma wiki na nyanya zinazoletwa kuuzwa Mombasa. Katika misitu hiyo michache iliyosalia wamo ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani, na katika msitu wa Mbololo limo ua dogo la zambarau ambalo kwao ni hapo tu. Chukua sweta na viatu vya kufunika, na hutakuwa na la kulalamikia.

AGOSTI: MACHO YA MWENYEJI

Sasa tushuke Sagalla, mlima ulio kusini ya mji wa Voi, ambako mashamba na mbuga vimepakana. Zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Katika sensa ya mwaka 2021 Kenya ilihesabiwa kuwa na ndovu 36,280, na hakuna pahali penye wengi kuliko eneo la Tsavo. Ndovu hasomi ramani. Maji yakipungua kwake huyafuata kwa mwenye tangi. Na katika miezi ya Januari na Februari, mahindi ya vuli yanapokomaa, huyafuata mahindi.

Nilipofika huko nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza ua wake, nikamwuliza:

"Mzee, ndovu hawa huja wakati gani?"

"Mwanangu," akanijibu, "wakati ule unaokuja wewe."

Hakuwa akinitukana. Alikuwa akieleza jambo lilivyo. Ukavu unaomkusanya mnyama mahali pamoja ili mgeni amwone ndio ule ule unaomsukuma kuvunja tangi la maji na kuingia shambani usiku. Mtu hukesha akipiga debe, mtoto huenda shule kwa hofu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilitaja fidia ya shilingi milioni tano kwa aliyeuawa na mnyama, lakini malipo yenyewe mara nyingi yamekawia kwa miaka, na fedha haimrudishi mtu.

Huko Sagalla kumejaribiwa dawa ya ajabu, nayo ni nyuki. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, mmoja umefungwa kwa waya na mwenziwe. Ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye ndovu, pamoja na ukubwa wake, huwaogopa nyuki. Mkulima hupata ulinzi na asali. Lakini hata dawa hii ina msimu wake. Nyuki huishi kwa maua, na maua huja kwa mvua. Ukame ukizidi nyuki huhama na mizinga hubakia mitupu, na huo ndio wakati ambao ndovu ana njaa zaidi. Tazama jinsi mambo yote ya nchi hii yanavyoning'inia kwenye uzi mmoja wa mvua ya vuli.

DESEMBA NA APRILI

Vuli ikinyesha vizuri, Voi ya Desemba humshangaza aliyeiona Agosti. Kichaka kilichokuwa kama kuni kimevaa majani, maua meupe na ya zambarau yametanda kando ya njia, na kila shimo lina maji. Mgeni aliyetaka ndovu atahuzunika kidogo, kwa kuwa wanyama wametawanyika na majani yamewaficha. Mwongoza watalii mwaminifu atakuambia hivyo kabla hujatoa fedha. Mwenyeji, lakini, amepona. Shamba limeota, tangi limejaa, na anayekukaribisha kimanga chake hakuhesabii kijiko.

Wako pia wageni wengine wanaouchagua msimu huo, wasioandikwa na hoteli yoyote. Ni ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, usiku wa Novemba na Desemba wenye ukungu na usio na mwezi, ndege hao huvutwa na taa za hoteli wakashuka kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 wataalamu hukusanyika hapo kuwavisha pete miguuni na kuwaachilia, ili ijulikane watokako na waendako. La kupendeza kwetu ni kwamba wataalamu hao nao hutazama hesabu mbili: hungoja vuli ya jua, na ndani yake huzitafuta siku za mwandamo wa mwezi, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka ndege hupita juu wasishuke.

Ubaya wa Desemba ni msongamano. Wataita walioko Mombasa na Nairobi hurudi makwao kwa Krismasi, nauli za matatu hupanda, na treni ya Madaraka Express, ambayo tangu mwaka 2017 husimama Voi, hujaa mapema. Ukikawia kukata tikiti utasafiri kwa kusimama roho. Njia za udongo ndani ya mbuga nazo huteleza.

Juu ya Aprili nitasema machache. Masika ya Voi si mazito kama ya kwetu, vyumba ni rahisi na mbuga ni kimya. Lakini njia ya kwenda na kurudi Mombasa huwa ya mvua, na milima hufunikwa. Anayependa utulivu aende. Mwenye watoto wadogo na angoje.

TAVETA NA MLIMA MWEUPE

Anayetaka kuona Kilimanjaro kutoka Taveta au kutoka kilele cha Vuria ashike Januari na Februari, au siku yoyote ya alfajiri baada ya mvua kuosha vumbi. Mlima hujifunika mapema, hivyo ukishamaliza sala ya alfajiri usirudi kitandani. Tarehe 11 Mei 1848, katika miezi ya masika, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona weupe juu ya mlima huo akafahamu ni theluji, na wataalamu wa Ulaya wakakataa kusadiki kwa miaka. Watu husahau kwamba kiongozi wa msafara wake alikuwa mtu wetu wa pwani, Bwana Kheri. Misafara ya aina hiyo ilivuka nyika ya Taru kwa kujua ngurunga, yaani mashimo ya miamba yanayoshika maji ya mvua, yako wapi na hukauka lini. Kwao kuchagua msimu halikuwa jambo la starehe. Aliyekosea hesabu alikufa kiu.

Hata majemadari walihesabu hivyo. Katika Vita vya Kwanza Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta kuanzia mwaka 1915, na wakalazimika kuvuta bomba la maji kwa ajili ya askari. Kilima cha Salaita walikishambulia tarehe 12 Februari 1916, wakashindwa, na mwezi wa Machi wakarudi kwa nguvu kubwa zaidi, wakishindana na masika yaliyokuwa njiani.

MSIMU UKIKOSEKANA

Yote niliyoyasema yanasimama juu ya sharti moja: kwamba mvua itakuja kwa wakati wake. Siku hizi sharti hilo halina mdhamini. Ukame mkubwa si jambo jipya Tsavo. Ule wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu. Lakini kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika mashariki ya Kenya, na kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kwa ukame. Kisha mwisho wa 2023 mvua za El Niño zikamwagika kupita kiasi, mafuriko yakakata njia. Kwa hiyo usitegemee jina la mwezi peke yake. Piga simu kwa mtu aliyeko Voi, muulize: je, mvua imenyesha huko? Ni swali la adabu pia, kwa maana ndilo swali ambalo kila mtu wa huko hulala nalo.

Hukumu yangu, kwa mwenye nafasi moja tu, ni hii: aende katika juma la mwisho la Desemba mpaka mwanzo wa Januari, vuli ikiwa imenyesha. Ataona ndovu wachache, lakini ataiona nchi ikiwa hai, atapanda Wundanyi bila ukungu mwingi, na atamkuta mwenyeji ana cha kumpa na moyo wa kutoa. Mwenye nafasi ya pili na aende Septemba, akawatazame wanyama Mudanda na Galana, akijua ni shida ya nani inayomnufaisha.

Na huyo wa Septemba asipite Sagalla kama kipofu. Alale katika nyumba ya wageni ya mwenyeji angalau usiku mmoja, anunue asali ya ile mizinga ikiwa ipo, na mboga za Wundanyi azinunue huko huko kwa bei anayotaja mkulima, bila kuvutana sana. Mfuko wa mgeni ndiyo mvua pekee inayoweza kunyesha wakati wa ukavu, na hiyo haingoji kusi wala kaskazi.